Jinsi ya Kuitawala Midomo ya Rwamgasa

Usianzie Masaki, Dar es Salaam. Huko lipstiki inapakwa ndani ya gari lenye kiyoyozi, maji yananywewa kwa mrija, halafu mtu anaisifu kwamba imedumu. Imedumu na nini? Ilete Rwamgasa, wilayani Geita, kwenye vumbi la makarasha ya kusagia mawe na jua lisilo na adabu, umpake mama lishe anayeonja mchuzi tangu alfajiri mpaka wachimbaji wa dhahabu watoke duarani. Akifika jioni ingali ipo, andika kwenye boksi "saa 24" bila aibu. Wenzako wanaandika hivyo bila kumjaribu mtu yeyote.

Kuitengeneza si kazi kubwa. Lipstiki ya kawaida ni nta, mafuta na rangi. Nta ipo Tabora, na mafuta ya nyonyo unayopaka kwenye nywele ndiyo hayohayo ambayo viwanda vya ng'ambo vimeyatia kwenye lipstiki miaka na miaka. Ila rangi ya namna hiyo huhamia kwenye kikombe kabla chai haijapoa. Isiyotoka hutumia kiyeyusho kinachoruka hewani, isododekani, na utomvu wa silikoni unaobaki mdomoni kama utando ulioishika rangi. Utando huo haujali maji wala jasho. Unachoogopa ni mafuta. Kwa hiyo kwenye maelekezo, kwa herufi ambazo hata kijana hawezi kuzisoma, mshauri mteja aachane na sangara wa kukaanga na chipsi mayai. Ale ugali mkavu, apendeze.

Kuhusu rangi, utapata mjanja wa kukwambia uchekeche udongo mwekundu wa nyuma ya nyumba, eti ni asilia. Mwulize udongo huo ulipita wapi. UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, ilipoanzisha mradi wake wa kimataifa wa zebaki mwaka 2002, iliichagua Rwamgasa kuwa eneo lake la Tanzania, na haikuichagua kwa uzuri wa mandhari. Zebaki imekamatisha dhahabu hapa kwa miaka, ikachomwa uani, na marudio, yaani mabaki ya uchenjuaji, yakamwagwa karibu na nyumba. Marudio ni ya kuchenjua, si ya kubusu. Nunua rangi ya vipodozi yenye vyeti, kisha upeleke bidhaa TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wenye dhamana ya vipodozi baada ya kuchukua kazi hiyo kwa TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa.

Sasa jina, na hapa ndipo wengi wanapozama. Utataka kuiita "Haitoki". Ni jina zuri, na ndiyo maana halifai: jina linalotaja tu sifa ya bidhaa ni vigumu kulimiliki, maana kila muuzaji ana haki ya kusema lipstiki yake haitoki, hata inayotoka. Bora uiite "Twiga Mlevi", watu wakushangae.

Ukishalipata, nenda BRELA, kwa wasajili wa biashara, usajili jina la biashara, utie cheti kwenye fremu, uwaalike majirani. Kisha subiri mtu wa Katoro atoe lipstiki yenye jina lilelile na kukuonyesha karatasi ya aina nyingine: alama ya biashara. Cheti chako kinasema duka linaitwaje. Cha kwake kinasema jina hilo juu ya vipodozi ni la nani. Nashangaa inapowapata watu wa Geita, kwa sababu wao ndio wangetakiwa kuwafundisha wengine. Nani asiyejua hapa kwamba unaweza kuchimba duara miezi, ukafikia mwamba, kisha akaja bwana mwenye leseni ndogo ya uchimbaji, nguo zake safi, akadai mgawo? Hata muda unafanana: leseni hiyo haizidi miaka 7, na alama ya biashara Tanzania Bara husajiliwa kwanza kwa miaka 7, halafu unahuisha kila miaka 10. Ombi lako la alama hutangazwa, na mwenye pingamizi ana siku 60. Zanzibar wana msajili wao, BPRA, kwa hiyo cheti cha Bara hakipandi boti.

Feki zikitokea mnadani, furahi kidogo: hakuna anayechakachua kitu kisichouzika. Kisha nenda Tume ya Ushindani ukiwa na cheti, siyo na machozi.

Adui mkubwa yuko ndani. Nairobi, Suzie Wokabi aliipa kampuni yake jina lake, SuzieBeauty, na mwaka 2016 Flame Tree Group ikainunua. Hiyo ni biashara ya kawaida. Ya Hazel Bishop ndiyo inayouma. Mkemia huyu wa Marekani alipika lipstiki isiyotoka jikoni kwake, akaiingiza sokoni mwaka 1950 kwa dola 1, ikagombewa. Mtu wake wa matangazo, Raymond Spector, alilipwa kwa hisa, hisa zikaongezeka mpaka kampuni ikawa yake. Walifikishana mahakamani, wakamalizana mwaka 1954, na mama akatoka bila ruhusa ya kutumia jina lake mwenyewe kwenye vipodozi. Baadaye akawa dalali wa hisa, na huwezi kumlaumu.

Wewe unaye shemeji anayejua kupiga picha za Instagram. Mlipe fedha taslimu, mlipe maboksi ya lipstiki, mpe hata ng'ombe akibana sana. Hisa asiziguse.