Kidude Kizima, Mtandao Hakuna

Adapta ya Wi-Fi ya USB, kile kidude kisichozidi kidole gumba, haina desturi ya kuaga. Usiku imelala salama. Asubuhi, Linux ikishasasishwa na kompyuta kuwashwa upya, orodha ya mitandao ni tupu. Mwenye kompyuta hukichomoa kidude, hukipuliza, hukifuta kwa pindo la shati, hukichomeka tundu la pili, la tatu, kisha hurudi lile la kwanza, pengine limejirudi. Kikigoma bado, huzima ruta sebuleni ipumzike kidogo.

Kosa kwa kawaida haliko kwenye tundu wala ruta. Kerneli, yaani kiini cha Linux, hubeba ndani yake draiva za vifaa vingi, nazo husasishwa pamoja nayo. Ila vidude vingi vya bei nafuu vyenye chipu za Realtek vilitegemea kwa miaka draiva ya kupakua pembeni na kuikompaili mwenyewe. Draiva hiyo hukaa katika folda ya toleo moja tu la kerneli, chini ya /lib/modules. Kerneli mpya huja na folda yake, na mpangaji wa nje hapewi taarifa ya kuhama.

Uchunguzi huanza na amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB. Ukionekana mstari wenye 0bda, namba ya Realtek, kidude ni kizima. Kilichopotea ni draiva. Ikisomeka 0bda:1a2b, kuna kituko: kidude kinajidai ni CD yenye programu za Windows, na huhitaji usb_modeswitch kukikumbusha kazi yake. Amri ya uname -r hutaja toleo la kerneli linalotumika, ambalo mara nyingi mwenyewe hakuwa na habari nalo.

Tiba inajulikana: heda za kerneli mpya pamoja na DKMS, programu inayokompaili draiva upya kila kerneli inapobadilika. Zote mbili zinapakuliwa kwenye intaneti. Mganga hajigangi. Kwa hiyo mtu hurudi kwenye GRUB, menyu ya kuchagua kerneli kompyuta inapowaka, na kuwasha kerneli ya zamani, ambako kidude huamka kana kwamba hakukuwa na ugomvi. Au huunganisha simu kwa waya, akanyonya bando la simu huku akiomba lisikatike kwenye asilimia 90.

Kukompaili nako kuna vituko vyake. Toleo la 6.15 la mwaka 2025 liliondoa jina del_timer_sync. Kazi ile ile sasa inaitwa timer_delete_sync. Draiva zilizomo ndani ya kerneli zilirekebishwa papo hapo. Za nje ambazo hazikurekebishwa ziliendelea kubisha hodi kwa jina la zamani, zikajibiwa kwa makosa. Katika makosa ya namna hiyo la maana huwa ni la kwanza, lakini watu husoma la mwisho kwa sababu ndilo lililobaki machoni.

Draiva ikishapatikana, Secure Boot, kinga ya kompyuta inapowaka, inaweza kuikataa kwa kukosa saini inayoaminika. Ufunguo wa saini husajiliwa katika skrini ya buluu inayotokea kompyuta inapowaka, nayo skrini hiyo husubiri sekunde 10 tu. Huo ndio muda ambao mwenye kompyuta huwa amekwenda kumimina chai.

Wengine huponywa na kerneli yenyewe: tangu toleo la 6.2 la mwaka 2023, draiva ya rtw88 inahudumia baadhi ya chipu hizo za USB. Hapo ile ya kukompaili huondolewa, maana draiva mbili zikigombea kidude kimoja, huenda kisifanye kazi hata kwa moja.

Hatimaye taa ya kidude humweka, na orodha ya mitandao hujaa: jirani wa juu, jirani wa chini, duka la kona. Mtandao wa nyumbani haumo. Ruta bado inapumzika.