Mngoja-gari wa Machakos

Miongoni mwa matabaka ya watu wanaopatikana mjini Machakos, lipo moja ambalo wataalamu wa elimu ya jamii bado hawajalitendea haki, nalo ni tabaka la wangoja-gari, yaani watu wazima wenye akili timamu ambao wamekwisha kulipia gari la kifahari huko Japani au Uingereza, ambao gari lenyewe hawajaliona ila katika picha, na ambao tangu siku fedha zilipotoka benki hawajaanzisha mazungumzo yoyote yasiyoishia bandarini Mombasa.

Si ajabu kwamba tabaka hili limestawi hapa, kwa kuwa mji wenyewe una uzoefu mkubwa wa kungoja vyombo vya usafiri. Mwishoni mwa karne ya 19 Waingereza waliweka kituo chao cha utawala wa bara katika nchi ya Masaku, yule mwaguzi wa Wakamba ambaye jina lake liligeuzwa kinywani mwa wageni likawa Machakos, lakini reli iliyotoka Mombasa ilipita kwenye nyanda za Athi, ikafika Nairobi mwezi Mei 1899, na utawala nao ukafungasha virago na kuifuata, ukauacha mji na vilima vyake vya Iveti. Tangu hapo vyombo vizuri vimezoea kupita kando. Hata kituo cha mabasi ambacho watu hukiita Machakos Airport kiko Nairobi, wala hakijawahi kutua ndege. Na hadi leo trela zilizopakia magari yaliyotoka bandarini hupita Kyumvi, mahali panapojulikana zaidi kama Machakos Junction, zikielekea Nairobi, huku mngoja-gari amesimama kando ya barabara na hindi la kuchoma mkononi, akiikagua kila trela kama mzazi anayemtafuta mwanawe katika gwaride.

Ili kuelewa kinachomkosesha usingizi mtu huyu, ni lazima kwanza ijulikane jinsi kodi za gari zinavyopandana migongoni. Tuseme ameagiza Toyota Prado ya dizeli yenye injini ya cc 2,755, na tuseme thamani yake ya forodha, yaani ile thamani ambayo kodi zote huanza kuhesabiwa juu yake, ni shilingi 3,000,000. Ushuru wa forodha, ambao Kenya iliupandisha kutoka asilimia 25 hadi 35 mnamo Julai 2023, utachukua 1,050,000. Halafu huja ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini ya dizeli inayozidi cc 2,500 ni asilimia 35, nao hautozwi juu ya gari peke yake bali juu ya gari pamoja na ule ushuru wa kwanza, kwa hiyo unakuwa 1,417,500. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 hutozwa juu ya mkusanyiko huo wote, nayo ni 874,800. Mwisho huongezwa ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, na tozo ya maendeleo ya reli, asilimia 2, ambazo kwa pamoja ni 135,000. Jumla ya kodi ni shilingi 3,477,300, yaani kodi imekuwa kubwa kuliko gari. Inafaa kuongeza, kwa faida ya wanahistoria, kwamba mkazi wa mji ulioachwa na reli mwaka 1899 hulipa tozo ya reli ili gari lake limfikie kwa barabara.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu huyu hakuagiza Prado ya petroli ya cc 2,693, ambayo ingetozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 tu, kwa kuwa injini ya petroli hupanda daraja la asilimia 35 inapovuka cc 3,000. Swali hilo huulizwa na shemeji, tena baada ya meli kung'oa nanga.

Hata hivyo hesabu hizi zingevumilika kama zingetulia. Kanuni ni kwamba kiwango kinachotumika ni kile kilichopo siku gari linapoingizwa katika hesabu za forodha, si siku mnunuzi alipotuma fedha, na kwa kuwa bajeti husomwa Juni na viwango vipya vya Jumuiya ya Afrika Mashariki huanza Julai 1, gari huweza kuondoka Yokohama na bei moja na kufika bandarini Kilindini, Mombasa, na nyingine, bila kuendeshwa hata hatua moja. Mwaka 2024 ulikuwa wa mateso ya pekee. Mswada wa fedha ulipendekeza kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyopungua shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000. Kamati ya bunge ikaifuta Juni 18. Maandamano yakatikisa nchi. Na Juni 26 Rais Ruto akakataa kuutia sahihi mswada wote. Wangoja-gari walishusha pumzi, wakaambiana kwamba Mungu hamtupi mja wake, hadi mwezi Desemba tozo ya reli ilipopandishwa kutoka asilimia 1.5 hadi hizo 2 zilizotajwa, bila kishindo chochote.

Juu ya hayo kuna bei ya sasa ya rejareja, ambayo mawakala wa forodha huitaja kwa herufi zake nne, CRSP. Kwa gari lililokwisha kutumika, Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, haianzi na bei aliyolipa mnunuzi, bali huanza na bei ya gari kama hilo likiwa jipya nchini, kisha huondoa kodi na uchakavu kulingana na umri. Maana yake ni kwamba punguzo alilolibembeleza mnunuzi kwa muuzaji wa Osaka usiku kucha, kwa Kiingereza ambacho pande zote mbili zilikuwa zikikisia, halina nafasi katika hesabu. KRA ilipotangaza orodha mpya ya bei hizo ianze Julai 1, 2025, badala ya ile ya mwaka 2019, waagizaji walipiga kelele, na kila mngoja-gari akampigia simu wakala wake, ambaye hakupokea.

Yule aliyeagiza Range Rover kutoka Uingereza ana tabu ya ziada. Novemba 19, 2023, Wahouthi wa Yemen waliiteka katika Bahari ya Shamu meli iitwayo Galaxy Leader, ambayo, kana kwamba walichagua kwa makusudi, ilikuwa meli ya kubebea magari, na baada ya hapo meli nyingi zikaamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Miezi michache baadaye dola ilifika karibu shilingi 160, kisha katikati ya 2024 ikashuka hadi karibu 129, kwa hiyo aliyelipa Januari na aliyelipa Julai hawapaswi kukalishwa meza moja harusini. Faraja ilikuja Aprili 2025 Marekani ilipotoza magari ya kigeni ushuru wa asilimia 25 na Jaguar Land Rover, yenye kuunda Range Rover, ikasimamisha kwa muda kupeleka magari huko. Kwa mara ya kwanza mtu wa Machakos alimhurumia tajiri wa California, akamwona ndugu.

Yote hayo yakiendelea, gari linazeeka. Kiwango cha Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, hakiruhusu gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, mwaka wa usajili nao ukihesabiwa, hivyo magari ya mwaka 2017 yalipaswa kuwa yamefika kabla mwaka 2024 haujaisha. Mwenye gari la 2017 aliutumia mwezi wa Desemba wa mwaka huo kuangalia alama ya meli kwenye simu, akiipigia makofi ikisogea.

Nyumbani mambo hayajatulia pia. Banda la gari limekwisha kujengwa, mabati yake yanang'aa, na kwa kuwa banda tupu halikai tupu, kuku wamelihamia na wamekwisha kutaga pale ambapo gurudumu la mbele litasimama. Majirani nao hawaulizi tena habari za gari lake; huuliza, "Mzee, gari letu limefika wapi?" Jibu la kawaida ni kwamba liko Mombasa, linangoja makaratasi. Kamati ya harusi imekwisha kuliandika katika kumbukumbu zake kuwa ndilo litakalombeba bibi arusi, na vijana wa ukoo wamekubaliana kwamba safari ya kwanza itakuwa ya Kituluni, kule Kyamwilu, kwenye kile kilima ambapo gari likizimwa huonekana kupanda lenyewe bila kusukumwa. Mwenyewe halioni jambo hilo kuwa la kustaajabisha, kwa sababu amekwisha kuona bei ikifanya hivyo. Na ingawa Waswahili husema kwamba subira huvuta heri, bandarini subira huvuta ada ya kuhifadhi mizigo.

Kwa hiyo anayekusudia kuagiza gari anashauriwa amwombe wakala hesabu mbili, moja ya viwango vya leo na nyingine ya viwango vilivyopendekezwa katika mswada wa fedha, aweke akiba ya ile kubwa, na asimwambie jirani yeyote, wala shemeji, hadi nambari ya usajili itakapotoka kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA.