Fizikia Kipindi cha Tatu

Mdhibiti ubora wa shule hakupiga simu kwamba anakuja. Alishuka kwenye bodaboda asubuhi, akaingia sekondari moja ya kata mkoani Tanga na kwenda moja kwa moja Kidato cha Tatu A, ambako alikuta soga limenoga. Akauliza mwalimu wao yuko wapi. Monita akasimama, shati kalichomekea vizuri: "Yuko Tatu B, mwalimu." Mdhibiti akaenda Tatu B. Huko nako soga, na monita wa huko, kwa adabu ileile, akajibu kuwa mwalimu yuko Tatu A.

Hakuna aliyedanganya. Ratiba mpya, iliyobandikwa ukutani asubuhi hiyohiyo, ilimpa mwalimu wa Fizikia madarasa yote mawili kipindi cha tatu. Mwenyewe alipatikana chini ya mwembe ulio kati ya majengo, chaki mkononi. Akaeleza bila wasiwasi kwamba akiingia A atakuwa amewatoroka B, na akiingia B atakuwa amewatoroka A, hivyo ameona bora akae karibu na wote.

Aliyeitwa kujibu ni mtaaluma. "Mwalimu, hii ratiba uliipanga umelala?" Swali hilo liliulizwa mbele ya mkuu wa shule, mbele ya walimu waliokuwa wakisahihisha na, hapo ndipo palipouma, mbele ya mama aliyeleta maandazi ya chai ya saa nne. Mtaaluma akasema, "Nitairekebisha, mheshimiwa."

Alikuwa na majibu mazuri kuliko hilo, ila hayaingii kwenye pumzi moja. Shule ina madarasa manne yenye mikondo mitatu kila moja, yaani mikondo 12. Kila mkondo una vipindi vinane vya dakika 40 kwa siku, siku tano. Hivyo ni visanduku 480 vya kujazwa kwa penseli kwenye karatasi ya manila, huku mwalimu wa Fizikia akiwa mmoja shule nzima. Ukifuta kisanduku kimoja cha Jumanne, vitatu vya Alhamisi vinaporomoka.

Ajabu ni kwamba kazi hii, ikiachwa kama ilivyo, si ngumu. Mwaka 1916 mwanahisabati wa Hungaria, Dénes Kőnig, alithibitisha jambo ambalo likitafsiriwa kishule linasema hivi: ikiwa hakuna mwalimu wala darasa lenye vipindi zaidi ya 40 kwa wiki, basi ratiba ya vipindi 40 isiyo na mgongano ipo. Ipo tu, hata walimu wawe wangapi na masomo mangapi. Na kuna njia ya kuifikia hatua kwa hatua bila kubahatisha.

Ila Kőnig alichukulia kwamba kila mwalimu yupo kila saa. Hakuwahi kukaa kwenye ofisi ya walimu ya sekondari hii. Wa Jiografia anaishi mbali na daladala ya kwanza haimfikishi kabla ya kipindi cha pili. Wa Kemia anataka vipindi viwili mfululizo kwa ajili ya maabara. Wa Historia Jumatano yuko masomoni. Ijumaa kuna vipindi vya dini, kisha swala. Wa Hisabati anasisitiza asiwekwe mchana, eti namba hazipandi juu ya ugali, na kusema kweli ana hoja.

Mwaka 1976 wataalamu watatu wa Israeli, Shimon Even, Alon Itai na Adi Shamir, walichapisha uthibitisho kwamba mara tu walimu wanapoanza kusema saa fulani hawapo, ratiba inahamia kwenye kundi la matatizo ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyatatua kila mara. Na haihitaji vipindi 40. Vitatu tu vinatosha kuleta balaa hilo. Shamir huyo ndiye mmoja wa watatu waliobuni RSA, mbinu ya kuficha siri iliyolinda malipo mengi kwenye intaneti. Atakayepata njia ya haraka kwa kundi hilo, au kuthibitisha kuwa haipo, anasubiriwa na dola milioni moja zilizotangazwa mwaka 2000 na Taasisi ya Hisabati ya Clay ya Marekani. Hadi leo hazijachukuliwa. Mtaaluma naye alipambana na kitu hicho likizo nzima kwa kifutio.

Baadaye shule ilipata programu ya kompyuta, umeme ukakatika.

Mwalimu wa Kiswahili akajifungua salama na kwenda likizo ya siku 84, ratiba ikafumuliwa. Kiranja wa kengele, anayegonga ringi ya gari kwa nondo, alizima saa ya simu ili asiishiwe chaji, na kipindi cha tano kikaenda hadi cha saba.

Haya yote ni ya kucheka. Yasiyochekesha ni yale yasiyo na kisanduku. Darasa la wanafunzi 60 katika dakika 40 linamwachia kila mtoto sekunde 40, mwalimu asipomeza hata mate. Mikondo miwili ni daftari 120; kila moja ikipewa dakika tatu, ni saa sita za kusahihisha zoezi moja. Elimu bila ada, iliyofika hadi kidato cha nne mwaka 2016, ilijaza madawati, na ni heri ilivyofanya hivyo, lakini hizo saa sita hazijawahi kupangiwa siku. Hapo hapo kuna azimio la kazi, andalio la somo, zamu, matokeo ya kila mtihani wa majaribio, na mzazi aliyefika mlangoni kwa sababu ndiyo siku aliyopata nauli.

Muhula huo wilaya iliandaa semina kwa walimu kuhusu matumizi bora ya muda. Ilifanyika Jumatano, kuanzia kipindi cha pili hadi cha nane, baada ya mgeni rasmi kusubiriwa kipindi cha kwanza chote. Vipindi vilivyopotea vikaelekezwa kufidiwa Jumamosi, nauli juu ya mwalimu mwenyewe.