Minyoo ya Tiira

Usichimbe minyoo Tiira kama hutaki wageni. Mji wetu huu wilayani Busia, upande wa Uganda, umeishi kwa dhahabu tangu miaka ya 1930. Mtu akionekana alfajiri nyuma ya nyumba, ameinama, anapasua udongo bonge kwa bonge na kudondosha kitu mkebeni huku akitabasamu, nani ataamini kwamba anatafuta chambo? Jirani yangu hakuamini. Niliporudi jioni kutoka Mto Malaba nilikuta migomba imelala chali, shimo limefika kiunoni, na vijana wenye makarai wananizunguka kwa adabu zote.

"Mzee wetu, pole na safari. Mshipa umeelekea wapi?"

Nilikuwa hoi. Siku hiyo kamongo mrefu kunishinda alikuwa ameondoka na ndoana, chubwi na nusu ya mshipi wangu, kwa hiyo nikasikia "mshipi".

"Umekatikia Malaba," nikawajibu, "pale penye mti ulioanguka. Mwisho wake sijauona, uko chini kabisa."

Wakanishukuru kuliko nilivyotarajia. Kulipokucha, ukingo wetu ulikuwa na makarai mengi kuliko ndoana, na mto umegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Hapo ndipo wavuvi wa Tiira, waliokuwa wamegawanyika kimya kimya, walipopata sababu ya kugawanyika kwa kelele. Wazee wa mianzi hawajawahi kuwasamehe vijana wa fimbo za mashine, ambao hurusha mshipi hadi ng'ambo na kunasa kila kitu isipokuwa samaki. Mimi mwenyewe nimeshavuliwa, kwa ukosi wa koti, nikiwa nimesimama nyuma yao. Vijana nao wanasema mzee anayesinzia na mwanzi mkononi havui, anaota jua. Wapo wa Mto Sio, wanaojiona watu wa Ziwa Victoria kwa kuwa maji yao huishia huko, na hutudharau sisi wa Malaba ambao yetu hupitia Mto Mpologoma hadi Ziwa Kyoga. Nimewaeleza kwamba maji ya Victoria hutokea Jinja, yakashuka na Mto Naili hadi Kyoga hiyo hiyo, maana yake wao ndio wanaotufuata. Siku hizi hawaniamkii.

Wa Majanji, ziwani, wanatembea na rula tangu jeshi lianze doria mwaka 2017: sangara asipungue inchi 20, ngege inchi 11. Sheria ni nzuri, lakini rula imeua mazungumzo. Zamani samaki alipimwa kwa mikono miwili, na mikono hiyo ilizidi kuachana kadiri chai ilivyopoa.

Mgogoro mzito zaidi ni wa mashimo. Machimbo yaliyoachwa hujaa maji, kambare wakaingia bila kualikwa, na wapo wanaovua humo wakiwa wamekaa vitini. Sasa tatizo ni zebaki. Wachimbaji huitumia kunasa chembe za dhahabu, mabaki yake husombwa na mvua, na majini hugeuka sumu inayojilimbikiza katika samaki, hasa wale wanaokula samaki wenzao. Kule Minamata, Japani, ugonjwa wake ulijulikana mwaka 1956 kwa watu waliokula samaki wa ghuba iliyochafuliwa na kiwanda. Mkataba wa dunia wa 2013 ukapewa jina la mji huo. Bwana mmoja wa mashimoni alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: ikiwa zebaki hunasa dhahabu, na kambare wake wamejaa zebaki, je, wauzwe kwa kilo au kwa gramu? Tangu hapo anawapasua matumbo kwa uangalifu wa ajabu.

Na msidhani ugomvi huu wa wavuvi ni ushamba wetu. Mwaka 1938, klabu moja ya wavuvi jijini London iliitisha mjadala kuhusu uvuvi wa Skues, mzee wa karibu miaka 80, aliyevua trauti kwa chambo bandia kinachozama. Wafuasi wa mvuvi mwingine, marehemu Halford, walishikilia kwamba chambo chenye heshima ni kinachoelea. Inchi chache za maji! Sisi angalau tunagombania mto mzima.

Nyumbani nako hakuna amani. Mke wangu amenipokonya koti la misiba, tangu minyoo ilipotoka mfukoni na kupanda begani kwa shemeji katikati ya hotuba yake. Ukweni nakaribishwa nikiwa nimekunja mikono ya shati.

Mwishowe wazee wakaitisha kikao cha suluhu chini ya mwembe. Wa mianzi walikaa kivulini, wa mashine juani, wa Sio walichelewa kwa makusudi, na wa mashimoni walikuja na viti vyao. Hoja ya mianzi na mashine ilikwama, ya zebaki ikaahirishwa, ya makarai ikaundiwa kamati. Azimio pekee lililopita bila kupingwa, kwa mikono ya pande zote, lilihusu yule kamongo aliyenikatia mshipi: kwamba hakufika hata nusu ya urefu niliousema, tena huenda alikuwa gogo.