Kinu cha Bibi

Bibi yangu alikuwa hajawahi kuingia makumbusho, na baada ya Jumamosi ile sidhani kama ataalikwa tena.

Wazo lilikuwa langu. Alikuja Mwanza kutibiwa magoti, akakaa kwangu wiki mbili akiyatazama mawe ya mji huu na kuuliza watu wanalima wapi. Nikaona nimpeleke Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, akapumue. Tukapanda daladala ya Kisesa, barabara ya Musoma, kisha bodaboda mbili: yeye mbele kajifunga khanga, mimi nyuma nikiyaombea magoti yake.

Bujora ilianzishwa miaka ya 1950 na padri kutoka Kanada, David Clement, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka. Kanisa lake ni la duara kama nyumba zetu za zamani, na banda la ngoma za kitemi lina umbo la kigoda cha mtemi. Bibi alilizunguka kanisa taratibu, akatoa hukumu: "Huyu mzungu aliuliza kwanza, ndipo akajenga."

Mpaka hapo tulikuwa salama. Shida ilianza kwenye vyombo vya nyumbani.

"Hiki, Bibi, ni kibuyu cha kusukia maziwa," alisema kijana mwongozaji, kwa adabu zote.

"Ninacho."

"Na hiki ni kigoda..."

"Ninavyo viwili. Kimoja kizuri kuliko hicho."

Tulipofika kwenye jembe, Bibi alimwambia kijana limewekwa vibaya, kisha akanigeukia. "Mjukuu wangu, umelipa hela kuja kunionyesha jikoni kwangu?"

Ndipo akakiona kinu. Kinu kikubwa, cheusi kwa uzee, chenye ufa ubavuni. Alisimama. Akainama, magoti yale yale ya hospitali, akapitisha kidole kwenye ufa.

"Hiki ni changu. Kiliibwa."

Sasa, msomaji, ipo siri ambayo Bibi hakuijua. Krismasi ya mwaka juzi, kule kijijini, nilikabidhiwa kazi ya kuchoma mbuzi. Mvua ilikuwa imelowesha kuni zote. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kinu cha zamani, kina ufa, kimelala tu. Nikakipasua kwa shoka. Kiliwaka vizuri ajabu, na Bibi mwenyewe aliisifu ile nyama. Alipokitafuta baadaye, nikasema labda wezi. Tangu siku hiyo amewalaani wezi wale katika kila sala ya jioni, na mimi nikiwapo huitikia "Amina."

"Bibi, hiki kipo hapa tangu kabla sijazaliwa," kijana alijitetea.

"Wewe umezaliwa juzi. Kinu changu ni cha mkwaju. Babu yake huyu aliukata mwenyewe, enzi ambazo msitu ulikuwa unaanzia nyuma ya zizi."

Kijana, kwa busara, alishika habari ya msitu. Akaeleza jinsi Waingereza walivyowafyekesha watu vichaka vya Usukuma ili kumfukuza mbung'o, jinsi mashamba ya pamba yalivyofuata, na kuni na mkaa vikamalizia, hadi Shinyanga ikaitwa jangwa; ndipo mwaka 1986 mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ukaanza kuwarudisha watu kwenye ngitili, yale malisho yanayofungwa ili miti iote tena. Akamtaja na Ng'wanamalundi, mganga anayesimuliwa kwamba akiunyoshea mti kidole, unakauka. (Leo angehitaji kwanza kibali cha watu wa misitu.)

"Kidole tu?" Bibi aliuliza, huku ananitazama mimi.

Sijui alijuaje. Labda ni jasho. Nilikimbilia pipa la kuzungusha lenye namna mbalimbali za Kisukuma za kuhesabu moja hadi kumi, kila rika na yake ili wengine wasielewe. Nikalizungusha kwa nguvu, nikauliza maswali ya kisomi. Bibi akaja pembeni yangu, akaanza kuhesabu kwa namna ya rika lake, polepole. Sikuelewa hata neno moja, lakini nilikuwa na hakika anahesabu viboko.

Nikakiri palepale. Kijana mwongozaji alienda kutazama ngoma ambazo bila shaka alishaziona.

Bibi hakunipiga. Alikiomba radhi kile kinu, siyo mimi wala kijana, kinu, kisha akataka twende Kisesa ninunue kingine. Mchongaji wa kando ya barabara alikuwa navyo vitatu. Bibi alivigonga kwa kifundo cha kidole, kimoja kimoja.

"Mwembe," alisema.

"Mikwaju iko wapi, Bibi?" mchongaji alijibu.

Tulichukua kile kikubwa. Kwenye daladala kondakta alikikalisha kwenye kiti karibu na dirisha, akadai nauli ya mtu mzima. Nikalipa ya watu watatu.