Kibubu, Mjomba na Kijumbe

Wataalamu wa iktisadi, ambao aghalabu ni watu wenye mishahara mikubwa na jamaa wachache, hutufundisha kwamba mtu apokeapo pato lake atenge akiba kwanza, ndipo ale kinachobaki. Mafundisho hayo sina hoja ya kuyapinga; nasema tu kwamba walioyatunga hawakupata kuishi Ngamiani, mjini Tanga, katika nyumba yenye baraza, ambapo habari kwamba fulani kapokea mshahara hufika mtaa wa tatu kabla mwenyewe hajavua viatu, na ambapo fedha isiyo na kazi huhesabiwa kuwa ni fedha isiyo na mwenyewe.

Wazee wetu walikuwa na nafuu kidogo. Katika zama za shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoingia mwaka 1921, sarafu za senti moja, tano na kumi zilikuwa na tundu katikati, na marehemu babu yangu alikuwa akizitunga katika ugwe na kuufunga kiunoni chini ya shuka, hata ikawa hapana awezaye kumkopa pasipo kumvua nguo. Kwa bahati mbaya aliuficha ugwe wa mwisho vizuri mno. Ulipoonekana, Tanzania ilikuwa imekwisha kupata fedha yake yenyewe tangu mwaka 1966 na zile za kale zimebatilishwa, basi hazina ya mzee ikawa njuga za wajukuu. Wala mtu asidhani mikasa ya namna hiyo imekwisha. Benki Kuu ilipotangaza kwamba noti za matoleo ya kuanzia mwaka 1985 hadi 2003 zirejeshwe kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025, masanduku ya mji mzima yalipinduliwa, na kwetu ikapatikana, katika mkunjo wa kanga ya sandukuni ya mama mkwe, noti moja ya shilingi 1,000, ambayo bibi huyo alikiri kuwa aliificha ili marehemu mumewe asiione. Marehemu kweli hakuiona. Wala bibi mwenyewe hakuiona tena hadi siku hiyo.

Sisi tulianza kwa kibubu. Fundi seremala wa mtaani alikiunda kwa mbao za mkangazi, akakipigilia misumari pande zote, akaacha ufa mmoja juu wa kupenyeza noti, akanihakikishia kwamba kisicho na mlango hakiibiwi. Na mimi na mama watoto tukaafikiana kwamba kisiguswe hadi mwisho wa mwaka, ili kilichomo kilipe ada za shule. Siku ya kukivunja iliheshimiwa kama inavyostahili: wazee wawili waliitwa kushuhudia, ubani ukafukizwa, nyundo ikaletwa juu ya sinia. Kilichomwagika mkekani kilikuwa noti chache na karatasi nyingi. "Nimetoa elfu tano, gesi imekwisha, nitarudisha." "Elfu mbili, LUKU, tulikuwa gizani." "Elfu kumi, hitima, usiulize." Ikadhihirika kwamba kijiti cha chelewa kilichopakwa ulimbo wa fenesi kilikuwa kikiingia ufani mikono mitupu na kutoka na noti, na kwamba fani hiyo, ambayo mwanangu wa kati aliijua kwa kutegea ndege, ilikuwa imekwisha kusomeshwa nyumba nzima ila mimi. Kwa insafu yafaa niseme kwamba hapana hata shilingi moja iliyoibiwa. Kila senti ilikuwa na hati yake.

Hati iliyonistaajabisha kupita zote ilikuwa ya mjomba wa mke wangu, mtu mcha Mungu ambaye hanywi hata maji katika nyumba anayoishuku kula riba, na ambaye aliandika kwa mwandiko safi: "Nimechukua shilingi 30,000 kwa njia ya amana." Nilipomwuliza kusudi lake, alinijibu kwa upole kwamba mkopaji hudaiwa, bali mwenye amana huaminiwa, nami, mbele ya wale mashahidi wawili niliowaita mwenyewe, nikaona haya kuonekana simwamini mjomba.

Baadaye tukahamishia akiba kwenye simu, na hapo sina mengi ya kusimulia, kwa kuwa haikukaa. Kutoa kuna ada yake, kutuma kuna ada yake, na kadi za michango ya harusi siku hizi huja na namba ya simu ya mweka hazina, hata udhuru wa kwamba hukupata mtu wa kumpelekea umekufa. Matapeli nao hawakukosekana: mmoja alimwandikia mke wangu ile kauli yao maarufu, "ile hela itume kwenye namba hii", naye akamjibu kwa unyofu kwamba ile hela hata yeye anaingoja.

Iliyotuokoa ni upatu, yaani akiba ambayo mimi, kwa elimu yangu, nilikuwa nikiiita mchezo wa wanawake. Wanawake kumi, kila mmoja hutoa shilingi 20,000 kwa wiki, na kila wiki mmoja wao hupokea 200,000 kwa zamu. Basi wa kwanza amekopeshwa bila riba, na wa mwisho ameweka akiba bila faida. Kwa hesabu za vitabuni kila mtu angegombea zamu ya kwanza. Mke wangu huomba ya kumi, kwa sababu fedha iliyo mikononi mwa wenzake tisa mjomba hawezi kuifikia, hata awe na ulimbo wa namna gani.

Tena yupo kijumbe, mkusanya michango ya upatu. Huyu ni bibi mwuza vitumbua, mfupi, mpole, asiyeandika chochote wala kusahau chochote, naye hubisha hodi Ijumaa alfajiri, akaamkiwa, akaitikia marahaba, kisha akakaa barazani, akanyamaza, kila apitaye kwenda msikitini akamwona. Mimi mwenye nyumba nimewahi kuambiwa nisubiri, mwenye duka ameambiwa mara nyingi, mjomba hajaambiwa kwa kuwa yeye hatudai. Lakini sijapata kuona mtu aliyethubutu kumwambia kijumbe aje kesho. Mabati ya jiko letu yametoka kwake, na ada za mwaka huu kadhalika, na kwa mara ya kwanza zimelipwa kabla mwalimu hajamrudisha mtoto nyumbani.

Nawaomba basi ndugu na jamaa watakaosoma maneno haya, na hasa mjomba, wajue kwamba zamu yetu si wiki hii, wala ijayo si yetu.