Kochi la Kona

Kipengele cha saba cha mkataba kilisema hivi: mpangaji akihama kabla ya mwaka kwisha, dipoziti hairudishwi, na kodi ya miezi iliyosalia inabaki kuwa deni. Mama watoto alikisoma kwa sauti, akasema aliyekiandika lazima aliwahi kumkopesha shemeji yake pesa. Tukatia sahihi. Ilikuwa Oktoba, msimu wa bonasi ya chai, na Boito nzima ilikuwa ikitabasamu.

Yeye ndiye aliyetaka tutoke kambini. Nyumba za kampuni ya chai huendana na kazi. Kazi ikiisha, unafungasha. "Sitaki tena kulala chini ya paa linaloweza kuondolewa kwa barua," alisema. Tukapanda ghorofa ya pili, vyumba viwili, shilingi 7,000 kwa mwezi, na dirisha lililotazama michai mpaka macho yachoke.

Barua ikaja hata hivyo. Nilikuwa karani wa mizani, na karani hana wa kumpimia pale mashine inapochukua mistari ya wachumaji. Mei 2023 mashine za namna hiyo zilichomwa moto huko Kericho, lakini moto haukumrudishia mtu kikapu chake. Nilipewa notisi ya mwezi mmoja na malipo ya siku 15 kwa kila mwaka niliotimiza, kiwango cha chini kabisa cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kambini tungefukuzwa. Hapa, ajabu, tulitaka kuondoka na hatukuweza.

Mimi nilitaka turudi nyumbani kwa baba. Mama watoto, mwenye kibanda cha mitumba sokoni, aliuliza kama ng'ombe wa baba hununua sweta. Tukampigia binamu yangu anayefanya kazi kwa wakili. Akatueleza kwamba Sheria ya Ardhi ya 2012 inamruhusu mpangaji wa mwezi kwa mwezi kuhama kwa notisi ya mwezi. Sisi tulikuwa tumejifunga mwaka mzima, kwa hiyo mlango huo si wetu. Na baraza la kesi za kodi ya nyumba? Akacheka. Hilo ni la nyumba ambazo kodi yake haizidi 2,500. Kwa pesa hizo siku hizi unapata chumba kimoja cha mabati, na choo unachokipangia foleni.

Nikaamua tuhame kimyakimya, mzee mwenye nyumba tumpigie simu tukiwa mbali. Mpango ungefaulu kama si kochi.

Lilikuwa kochi la kona, fundi wa Litein alilitengeneza kipande kimoja. Siku ya kuingia lilipandishwa kwa kamba kupitia roshani. Baadaye mwizi akabeba mtungi wa gesi wa jirani, na mzee akaziba roshani zote kwa vyuma. Ikabaki ngazi. Vijana wawili wa bodaboda walilishusha hadi kwenye kona, likakwama, halipandi, halishuki. Mvua ya alasiri ikaanza. Majirani wa juu wakavua viatu, wakapita juu yake. Mwalimu mgeni aliyekuwa amekuja kuulizia nyumba alichoka kungoja, akaketi papo hapo, akatoa madaftari na kalamu nyekundu.

Mzee akatokea na mwavuli.

"Chamgei," akasema. "Mnafanya usafi?"

Mama watoto hakuniachia nafasi ya kudanganya. "Shikamoo mzee. Baba watoto amepoteza kazi. Huyu mwalimu anatafuta nyumba. Mpe yetu leo, sisi utupe kile chumba nyuma ya duka. Hutapoteza kodi hata ya siku moja."

Mzee akamtazama mwalimu. Mwalimu akapapasa mto aliokalia, akasema ataichukua nyumba, mradi kochi libaki.

Mkataba ukachanwa pale pale kwenye ngazi, na dipoziti ikashuka nasi hadi chumba cha chini. Kochi liling'olewa miguu, likakubali kurudi juu. Kushuka bado lilikataa. Sasa kesi ni bei yake. Mama watoto anataka 20,000. Mzee anadai kipengele cha kumi na moja kilisema chochote kisichotoka bila kubomoa ni mali ya nyumba. Mama watoto anamwambia alete mkataba aonyeshe. Mwalimu anasema yeye atalipa mara watakapoelewana, na wakati huo huo amenunua vitambaa vya kulifunika.